Dakika Kumi Uani kwa Papa Janvier

Papa Bauma tulimzika mwezi uliopita hapa Kibua, chini ya mvua ambayo nikiwasimulia watu wa mbali nitasema ilimwagwa kwa mapipa, na safari hii sitakuwa nimeongeza hata tone. Tulimbeba begani kutoka nyumbani kwake mpaka kaburini, na bega langu la kulia bado limevimba ninapoandika haya, limekuwa kama boga. Lakini kilichonikalisha mezani si bega. Ni jioni ya kabla ya maziko, pale barazani kwa marehemu, watu wamejipanga kwenye mabenchi ya kanisa, sahani za sombe, majani ya mihogo, zinapita, na mtu mmoja akasema yale ambayo husemwa kila tunapokutana kwenye kilio: "Papa Dezire, utuelezee ile ya kamionete." Mimi hadithi ile naijua kama mlango wa nyumba yangu. Naigiza sauti ya kila mtu, naigiza hata injini. Katika hadithi hiyo gari huruka juu ya mito, mbuzi hukimbilia porini, na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neema, aliyekuja kutoka Walikale anakofanya kazi ya uuguzi, akaweka sahani yake chini. "Leo usilete ile ya kuchekesha," akasema. "Miye niko na miaka makumi mbili na sita. Minataka ile yenye ilifanyika."

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimefika Kibua mwaka uliotangulia nikitoka Rubaya, ambako nilikuwa nimebeba mizigo ya koltani kutoka milimani kwa muda ambao nikiulizwa husema miaka mia. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu. Kamba ya mzigo ilinichora alama begani ambayo ipo hadi leo, na siku niliyoiacha kazi ile nilijiapia kwamba hakuna kitu chochote kitakachokaa tena juu ya bega hili, hata koti. Nilitaka magurudumu. Papa Janvier, mfanyabiashara wa ndizi na mafuta ya mawese, alikuwa na magurudumu manne, nami nilikuwa nimemtazama fundi mmoja wa Rubaya akifungua injini mara tatu, kwa hiyo nikamwambia Papa Janvier kwamba mimi ni fundi. Alinipa chumba cha nyuma ya nyumba, kitanda cha mianzi, na sahani ya bugali kila jioni. Chumba hicho nakikumbuka kuliko nyumba niliyoijenga mwenyewe: ukuta wa udongo uliopakwa chokaa nusu, misumari mitano ya kuning'inizia spana, harufu ya esanse, petroli yetu, iliyoingia mpaka kwenye blanketi. Upande wa pili wa ukuta kilikuwa chumba cha Papa Janvier na mkewe, Dada Riziki. Nilikuwa nawasikia jioni wakibishana taratibu juu ya jina la mtoto ambaye alikuwa bado hajaanza hata kuonekana.

Kamionete yenyewe, gari dogo la mizigo, ilikuwa na umri wa safina ya Nuhu. Pampu yake ya mafuta ilikufa mwanzoni mwa mwaka ule, na tukafanya kama wanavyofanya wote kwetu: tulifunga bidoni, yaani dumu la esanse, juu ya paa, tukateremsha mpira mwembamba kupitia dirishani mpaka kwenye kabureta, mafuta yakawa yanashuka yenyewe kama maji ya chemchemi. Mtu mmoja sharti akae juu ya paa kuishika bidoni isicheze. Mtu huyo nilikuwa mimi. Miezi miwili nilisafiri juu ya paa kama askofu, nikipunga mkono kijiji baada ya kijiji, nikinuka esanse kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuwasha sigara karibu yangu. Dada Riziki alikuwa akisimama mlangoni na tumbo lake linalokua, ananitazama nikipanda, anasema: "Dezire, siku moja utawaka wee, na sisi tutapika maharagi juu yako."

Hapa lazima nieleze jambo la kipoyi, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kipoyi ni machela: miti miwili mirefu, kamba zilizosukwa katikati, blanketi juu. Kila kitongoji kwetu kina kundi la wanaume wanaobeba wagonjwa kwenda hospitali, wanane begani na wengine wanane wakifuata kupokezana, wakipita njia za mkato ambazo gari haliwezi hata kuziota. Kanuni ni moja. Ukiitwa unakuja, na nyumba ambayo haitoi mbebaji haiwezi kuliita kundi siku yake. Kiongozi wa kundi letu alikuwa Papa Bauma, mwanamume mfupi, mpana, mwenye sauti ndogo. Papa Janvier aliponunua kamionete alijiondoa kundini. Alikwenda kwa adabu, na kuku wawili wa kuaga, akasema sasa yeye ana gari na itakapohitajika gari lake litasaidia. Nami nilipofika na kuulizwa kama nitabeba, niliwaonyesha alama ya begani na kusema mambo ambayo yaliwachekesha sana. Nilisema kipoyi ni usafiri wa wafalme wa zamani na maiti wa sasa.

Pampu mpya ilifika kutoka Goma ndani ya gunia la mchele, mgongoni kwa mtu aliyetembea siku mbili. Ilikuwa kwenye boksi la karatoni, imefungwa kwa karatasi yenye michoro na maandishi ya Kifaransa. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma kama kuku anavyodonoa: herufi hapa, herufi pale. Ndani ya ile karatasi kulikuwa na kitu chembamba kimekatwa kwa umbo la kitako cha pampu. Hiki ndicho kizibo, kile kinachowekwa kati ya chuma na chuma ili oili isivuje, ambacho mafundi wetu wanakiita joint. Nilikinyanyua kwenye jua nikaona kidole changu upande wa pili. Nikamwambia Papa Janvier kwamba wazungu wametutumia ganda la kitunguu. Fundi wa kwetu hukata kizibo chake mwenyewe kutoka kwenye karatoni ya boksi, anakipaka grisi, na kinadumu. Kwa kuwa ile pampu ya zamani ilikuwa inavuja oili, mimi nilikata viwili. Nilivibandika kimoja juu ya kingine, vikawa vinene kama mkate, nikajipongeza. Ganda la kitunguu nikalirudisha kwenye karatasi yake, karatasi nikaitia mfukoni kwa sababu michoro yake ilikuwa mizuri.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya siku ile, saa moja, uani, ukungu haujapanda. Na kabla sijafunga pampu nilifanya jambo lingine la kifundi: niliukata mpira wa bidoni vipande viwili, maana pampu mpya ilihitaji mpira wa kuingiza na mpira wa kutoa. Mpira wa pili hapakuwa nao Kibua nzima. Nilikuwa bado na kisu mkononi Mama Sifa, mkunga, alipotoka chumbani kwa Dada Riziki akijifuta mikono kwa kitenge. Uchungu ulikuwa umeanza jana yake adhuhuri. Alimwita Papa Janvier pembeni, lakini Mama Sifa hakuzaliwa na sauti ya pembeni. "Mutoto amelala vibaya," akasema. "Hapa kwangu hatatoka. Anaomba daktari wa kupasua."

Hospitali yenye daktari huyo ilikuwa umbali wa saa mbili kwa gari, saa tano kwa kipoyi kupitia njia za mkato. Juu ya pikipiki Dada Riziki hakuweza kukaa. Papa Janvier akanitazama. Nikamwambia: "Dakika kumi, Papa." Nilisema kwa furaha, kama mtu anayempa mwenzake zawadi, na ninaapa kwamba niliamini.

Saa mbili kundi likaja. Hakuna aliyewaita, Papa Janvier asingeweza, alikuwa na haya usoni ya kutosha kuezekea nyumba. Walikuja wenyewe wanaume kumi na sita na miti yao miwili, wakasimama nje ya ua. Papa Bauma akabisha kwenye mti wa lango ingawa lango lilikuwa wazi. "Tumesikia," akasema. "Papa Janvier, ile ya kundi tutaisema siku ingine. Mugonjwa iko wapi?"

Papa Janvier alifungua mdomo, akanigeukia mimi. "Gari inachukua saa mbili," akasema. "Kipoyi saa tano. Dezire anasema dakika kumi."

"Dezire anasema," Papa Bauma akarudia, bila ubaya. Akakaa juu ya jiwe. Wenzake wakaegemeza miti ukutani. Mama mzazi wa Papa Janvier akaleta bugali na sombe, maana huwezi kuwaacha wanaume wakakaa uani mwako na njaa, na wakala, na nilisikia vijiko vyao nikiwa chini ya boneti. Nilifunga pampu. Nikamwaga esanse kidogo ya kuanzia kwenye kabureta, nikamwambia mmoja azungushe manivela, chuma cha kuwashia injini kwa mkono. Injini ikanguruma. Wanaume wakapiga makofi. Nikatoka nimeinua mikono kama mchezaji aliyefunga bao. Ikanguruma kwa muda wa kusema Baba Yetu, ikakohoa, ikanyamaza.

"Hewa," nikasema. "Iko na hewa ndani ya mipira. Dakika kumi."

Sasa kosa lenyewe, ili msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi. Pampu ya namna ile ina mkono mdogo unaoingia ndani ya injini, na humo ndani kuna chuma chenye umbo la yai kinachozunguka na kuusukuma. Mkono ukisukumwa, pampu inavuta mafuta. Vizibo vyangu viwili viliisogeza pampu nyuma kwa unene wa karatoni, na ule mkono ukawa unaguswa kwenye ncha tu, kama mtu anayesalimia kwa ukucha. Pampu ilikuwa inavuta matone. Injini ilikuwa inakula kile nilichomwaga mwenyewe, inamaliza, inakufa. Kila mara niliamini imepona. Nilikagua mipira, nikanyonya esanse kwa mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi, nikasafisha kabureta, nikasafisha tangi. Kila kitu nilikifungua, isipokuwa kile nilichokuwa nimekipenda.

Saa tatu na nusu Papa Bauma alisimama. Aliita kwa jina wanaume wanane, wakachukua miti. "Dezire," akasema, "rudisha basi ile bidoni."

"Bidoni iliisha kazi, Papa. Mupira nilishaukata."

"Basi sisi tuende naye."

Papa Janvier alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Aliinuka nusu. Kama ningenyamaza wakati ule, wangekwenda. Nami sikuweza kunyamaza, sikuwa nimeumbiwa. Nikasema hivi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii nayaandika maneno yenyewe: "Muende, wapapa. Muende tu. Nitawapita kwenye mulima nikiliza klakisoni, na Dada Riziki atawapungia mukono dirishani, na mutarudi nyumbani na kipoyi yenu tupu, bake zenu bawaulize mulibeba nini, upepo?" Nikaigiza kutembea kwao, magoti yamepinda, mashavu yamejaa hewa. Wanaume wakacheka. Mmoja akaegemeza mti ukutani ili acheke vizuri, na wa pili akauegemeza wake. Papa Bauma naye akatabasamu, akatikisa kichwa, akakaa tena juu ya jiwe lake.

Saa nne Mama Sifa akatoka: "Gari?" Dakika kumi, Mama. Saa tano akatoka, safari hii ameshika beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Saa sita hakuniuliza mimi, alimuuliza Papa Bauma, wakaongea chini chini, na nilisikia Papa Bauma akisema: "Sasa hata tukikimbia tutafika jioni. Sasa ni gari ao hakuna." Hakuna aliyekuwa anakula. Mvua ndogo ilianza, wanaume wakanyanyua shuka ya plastiki juu ya boneti na juu yangu, wakaishika kwa mikono, kumi na sita, wakinilinda mimi na pampu yangu tusilowane. Hilo jambo silifanyii mzaha.

Ilikuwa baada ya saa saba nilipoitoa pampu kwa mara ya tatu, na kwa kuwa nilikuwa sina tena la kufungua, nikautazama ule mkono. Ncha yake ilikuwa imeng'ara mahali padogo kama punje ya mtama. Kwingine kote ulikuwa mpya, rangi yake ya kiwandani haijaguswa. Nilitazama ile punje. Halafu nikachukua kisu, nikabandua kizibo kimoja, nikakitupa kwenye matope. Kufunga tena kulichukua, naam, dakika kumi. Injini iliwaka kwa mzunguko mmoja wa manivela na haikuzima. Haijawahi kuimba vile. Hakuna aliyepiga makofi.

Tuliondoka saa nane. Wale wanaume walimtoa Dada Riziki chumbani juu ya kipoyi chao, wakampandisha nyuma ya kamionete pamoja na kipoyi chenyewe, na wanne wakapanda kukishika ili barabara isimtingishe. Papa Janvier aliendesha. Mimi nilikaa mbele kusikiliza pampu. Haikukosea hata mara moja. Huko nyuma nilisikia Mama Sifa akimsemesha Dada Riziki kwa muda mrefu, baadaye nikasikia anamsemesha na hajibiwi, baadaye sikusikia kitu. Tulifika saa kumi. Daktari alimtoa mtoto mzima, wa kike, ndiye Neema huyu. Alipotoka kutuambia kwamba mama amefariki, aliuliza jambo moja tu, kwa upole: tulitoka nyumbani saa ngapi. Papa Janvier alisema: "Gari ilikataa, Docteur." Hakunitazama. Na hilo ndilo likawa neno letu, Kibua nzima, hadi jioni ile ya kilio cha Papa Bauma: gari ilikataa. Papa Janvier hakunifukuza. Aliendelea kuniletea sahani ya bugali, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na ukimya ambao siwezi kuuongezea chochote.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Papa Bauma kuomba nafasi chini ya kipoyi. Aliangalia alama ya bega langu, akasema tu: "Utaanza nyuma, kule kwa miguu ya mugonjwa." Na miezi ya mwisho ya mwaka ule ndipo nilipoanza masomo ya jioni, kwenye darasa la kanisa, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwalimu wetu alituambia kila mmoja alete karatasi yoyote aliyo nayo nyumbani, tujifunze juu yake. Wengine walileta barua, mmoja alileta cheti cha ubatizo. Mimi nilileta ile karatasi ya pampu, yenye alama za vidole vyangu, na ganda la kitunguu bado limo ndani. Ilinichukua majuma matatu. Sentensi ya nne ilisema kitumike kizibo hiki kimoja tu, na kisiongezwe kingine. Niliisoma kwa sauti mbele ya darasa zima, neno kwa neno, na mwalimu akanisifu, akasema Dezire leo amesoma bila kukosea. Baadaye nilimaliza masomo yale yote na nikapata diploma yangu, nami huwaambia watu kwamba nilikuwa wa kwanza nchini. Tulikuwa tisa.

Haya yote nilimweleza Neema pale barazani, mbele ya watu, sauti yangu mwenyewe tu, bila kuigiza injini. Wale wazee waliokuwa kundini siku ile, waliobaki watatu, walitazama miguu yao. Papa Janvier alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, siku hizi macho yake hayaoni tena vizuri, na kidevu kilikuwa kifuani kama amesinzia. Neema hakulia. Ni muuguzi, aliuliza kama muuguzi.

"Walisimama saa tatu na nusu."

"Saa tatu na nusu."

"Wangefika saa nane na nusu." Alihesabu kwa vidole. "Na pale uliwachekesha, dirisha ya Mama ilikuwa wazi?"

"Wazi."

"Alisikia?"

"Alisikia. Naye pia alicheka."

Nje mvua iligeuka upande. Neema alinisogelea na benchi lake. "Papa Dezire," akasema, "weye unaigaka sauti ya kila mutu. Ya Papa Bauma unaiga, ya Mama Sifa unaiga. Yake sijaisikiaka hata siku moja. Alichekaka namna gani?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia miaka ni mingi. Alingoja tu, mikono juu ya magoti. Na kicheko kile, ambacho sikuwa nimekigusa tangu siku ile, kilikuwa mahali pake, hakijapungua wala kuongezeka. Nikakitoa: kifupi, cha puani, kinapanda kidogo mwishoni, halafu kinakatwa katikati na uchungu.

Pale pembeni Papa Janvier aliinua kichwa, akageuza uso wake kuelekea mlangoni, akangoja.